Chupa Tuliipigia Kelele, Mtandio Tukautoa Kimya



Post hii ni ndefu. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujakomenti.

Kuna kijana wetu wa Nyeri ambaye amekasirika na sisi. Alikuwa anamsindikiza mamake Umra, na walipofika uwanja wa ndege (hatutautaja) wapekuzi wakamtoa mama chupa ya uturi, gudulia la asali aliyokuwa anampelekea mwenyeji wake, na mkasi mdogo. Kijana akatoa simu akaanza kurekodi, jambo ambalo haliruhusiwi mahali pale, lakini tuliache hilo. Kwenye klipu anasikika akisema, "Waislamu tunanyanyaswa, hii ni vita dhidi ya dini yetu." Akatutumia inboksi, akataka tuiweke hapa iende mbali. Hatukuiweka. Kwa siku tatu ametuandikia kuwa sisi ni waoga, kwamba tumenunuliwa na serikali.

Sasa sikieni upande wa pili. Kwenye kundi hilo hilo, basi hilo hilo, foleni hiyo hiyo, kulikuwa na dada mmoja. Pini za mtandio wake zilifanya mashine ipige mlio. Akaambiwa autoe mtandio. Si chumbani, pale pale, mbele ya wanaume wa kundi lake na watu asiowajua. Akautoa. Akasimama kichwa wazi mpaka alipomalizwa, akauokota kwenye sinia la plastiki akaenda kujifunga chooni. Ametutumia ujumbe wa sauti wa kama dakika mbili, na nusu yake ni kutuomba msamaha kwa kutusumbua.

Katika kundi lote hakuna aliyefungua mdomo. Kijana wetu wa klipu alikuwa watu wawili nyuma yake. Alikuwa bado anabishana juu ya uturi.

Hapo ndipo ugomvi wetu na yeye ulipo, na si yeye peke yake. Ni sisi sote. Tumezoea kupigania kitu ambacho sheria inasema utoe, halafu tunatoa kwa hiari kile ambacho sheria inasema kibaki nawe.

Tuanze na chupa, maana kuna watu hapa wanaamini kweli kwamba ile chupa ilichukuliwa kwa sababu mama alivaa buibui.

Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege za kwenda Marekani kwa kilipuzi cha majimaji kilichofichwa ndani ya chupa za soda. Baada ya hapo shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, likatoa mwongozo ulioanza kutumika Machi 1, 2007. Kitu chochote cha majimaji, mafuta, krimu au cha kunata unachoingia nacho kwenye ndege kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyako vyote vitoshe kwenye mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha ndani. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 iliyobakiza tone moja inachukuliwa. Asali ni majimaji. Mafuta ya nazi ni majimaji. Siagi ya njugu pia, kama ulikuwa unajiuliza.

Nyeri ni mji wa Wakatoliki wengi, mnajua. Mwaka wa 2015 walijaa pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, sista wao Irene Stefani alipotangazwa mwenye heri. Mama wa parokia akienda kuhiji Lourdes kule Ufaransa na kurudi na maji ya baraka kwenye chupa ya nusu lita mkononi, yanachukuliwa. Hawamuulizi dini yake. Na kwa kuwa Nyeri ndiko alikozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, niseme pia kwamba kijana wa skauti akijitokeza na kisu chake cha mfukoni kitabaki uwanjani, awe na beji ngapi.

Kwa hiyo, ndugu yetu, ile chupa haikuwa vita. Ilikuwa chupa kubwa. Uturi wa tola moja, ile chupa ndogo ya karibu mililita 12 inayouzwa kila duka la vitabu vya dini, ungepita bila neno. Na nikuongeze kitu: ulikuwa umeshavaa ihramu. Masaa machache baadaye, mkifika mikati na kunuia, hata kama ungeachiwa chupa yote usingeruhusiwa kuipaka. Umemkosesha mamako utulivu kwa kitu ambacho fiqhi yenyewe ingekuzuia kabla ndege haijatua Jeddah.

Mkasi nao najua ulikuwa wa nini. Ni wa kupunguza nywele baada ya sa'yi. Kila mwaka watu wetu wanaubeba mkononi na kila mwaka unachukuliwa. Mkasi unakaa kwenye begi kubwa unaloliacha kaunta, basi. Pawabenki ni kinyume chake: hiyo hairuhusiwi kwenye begi kubwa kwa sababu betri yake inaweza kushika moto tumboni mwa ndege ambako hakuna wa kuuzima, kwa hiyo ibebe mkononi, na isizidi saizi ambayo shirika la ndege linaruhusu. Wakati wa kurudi, Zamzam haiingii nawe kwenye kabini kwa chupa ya lita. Fuateni utaratibu wa shirika lenu wa yale masanduku ya lita 5. Na mkitua Nairobi, ile mifuko ya plastiki ya madukani Madina mtaiacha mlangoni, maana Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 28, 2017. Hata hiyo mtu akitaka anaweza kuiita vita dhidi ya Uislamu.

Vijana wa Meru, nanyi nina neno lenu. Miraa hapa ni zao halali, limejenga nyumba na kusomesha watoto pale Maua. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Saudia haina mzaha nayo hata kidogo. Mtu akikupa "zawadi ya jamaa yangu Riyadh" iliyofungwa tayari, mfungulie mbele yake au umrudishie. Mpekuzi wa Nairobi akikutoa kitu, umepoteza kitu. Wa kule akikikuta, mamako atakuwa anatafuta mkalimani.

Lakini wenye lawama kubwa kwenye habari ya chupa si wapekuzi na wala si mama. Ni viongozi wetu wa makundi.

Wanachukua pesa ambazo wazee wengine wameuza ng'ombe au kipande cha shamba kuzipata. Wanagawa mabegi yenye nembo, mitandio ya rangi moja, kadi za shingoni. Wanapanga picha ya kundi mbele ya msikiti. Kutoka Nyeri mpaka uwanja wa ndege ni zaidi ya kilomita 150: Karatina, Sagana, Kenol, Thika. Ni safari ya masaa. Katika masaa yote hayo hakuna anayesimama kwenye basi na kusema, "Mama, nani ana asali? Nani ana mkasi? Nani ana pini za chuma kichwani?" Dakika kumi tu! Kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha bedui na ngamia wake, tunakisimulia kwenye kila harusi, lakini ikifika safari ya ibada yenyewe tunawaachilia wazee wetu bila kamba. Halafu mzee akidhalilika mbele ya foleni tunalaumu kafiri. Mnafanya biashara, semeni mnafanya biashara, lakini ifanyeni vizuri.

Sasa tuje kwa mtandio. Hapa sitafanya mzaha.

Nani asiyejua mlima huu unajua upekuzi? Babu zetu, Waislamu na wasio Waislamu, walivishwa kipande shingoni na mkoloni. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa 1952, mwanamke wa Nyeri alipekuliwa akienda kuchota maji. Aprili 2014, kwenye operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu walikokotwa, wengi kutoka Eastleigh, wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na wengi wao kosa lao lilikuwa sura na jina. Baada ya shambulizi la Dusit la Januari 15, 2019, Isiolo na Nyeri zilitajwa sana magazetini, na tangu hapo kijana wa Majengo mwenye kofia anatazamwa mara mbili kila geti. Mkikuyu aliyesilimu anaulizwa hata jina lake limetoka wapi.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ubaguzi haupo. Upo. Ndiyo maana inaniuma tukiupoteza ushahidi wake ndani ya kelele za chupa. Siku tutakayopeleka malalamiko ya kweli, afisa atatoa simu yake atuonyeshe klipu ya asali na aulize, "Ninyi si wale wale?"

Katiba yetu ya 2010 soma mwenyewe, iko kwa Kiswahili pia. Ibara ya 31 inalinda faragha yako: mwili wako usipekuliwe na mali yako isichukuliwe ovyo, na mawasiliano yako yasiingiliwe. Ibara ya 32 inalinda dini yako na kuidhihirisha. Ibara ya 28 ni heshima ya utu. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, na katika orodha yake imetaja dini na imetaja pia mavazi, kwa jina. Najua mtaniambia haki hizi zina mipaka. Ni kweli, Ibara ya 24 inaruhusu sheria kuziwekea mipaka, lakini mpaka wenyewe uwe wa busara, na kama kuna njia nyepesi ya kufikia lengo lile lile, itumike hiyo. Chupa ikichukuliwa hakuna njia nyepesi zaidi: ni kubwa, haiingii. Mtandio una njia nyepesi. Iko wazi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, pembeni, nyuma ya pazia au chumbani. Hata sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, inayotumika kwa washukiwa wa uhalifu, inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa kuzingatia staha. Kama mshukiwa wa wizi anapewa staha hiyo, dada yetu mwenye tiketi ya Umra alikosa nini?

Angalieni vizuri ninachosema. Sisemi mtandio usikaguliwe. Mashine ikilia, watakagua, na wana haki, na mimi nataka wakague kwa sababu na mimi ninapanda ndege hiyo hiyo. Nikabu itainuliwa ili uso ulinganishwe na pasipoti, na anayetaka kubishana na hilo atabaki Nairobi. Ninachosema ni mahali, na ni nani anayekagua. Sentensi moja tu ilihitajika: "Naomba nikaguliwe na afisa mwanamke, kwenye faragha." Ungeisema wewe kama kaka yake, kwa sauti ya kawaida, bila simu mkononi.

Na kuna watu wanajua historia ya Arsenal tangu 2004 lakini hawajui kwamba suala la mtandio liliamuliwa hapa hapa Nyeri.

Kesi ilianzia shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, shule iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist, ambako wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu na sare yao. Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru iliamua dhidi yao. Mzazi mmoja hakulala. Akakata rufaa, na Septemba 7, 2016 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Nyeri ikampa haki: kumnyima msichana hijabu kwa kisingizio cha kuwatendea wote sawa kunaweza kuwa ubaguzi wenyewe. Kanisa likaenda Mahakama ya Juu, na Januari 24, 2019 majaji wengi wakaiondoa hukumu ile. Sikilizeni kwa nini. Hawakusema hijabu haina haki. Walisema ombi la mzazi halikuletwa kortini kwa utaratibu unaofaa, na anayetaka aanze upya Mahakama Kuu. Jaji Ojwang hakukubaliana na wenzake.

Yaani tulishinda kwa hoja tukaanguka kwa karatasi. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa karatasi, na ndiyo maana klipu yako, ndugu yangu, haikunisisimua.

Karatasi ni nini basi? Ni tarehe, saa, mlango gani, namba au jina lililo kwenye beji ya afisa, majina ya mashahidi wawili waliokuwa kwenye foleni. Unaandika siku hiyo hiyo, kabla hujasahau, hata ukiwa umekaa unasubiri ndege. Malalamiko yanakwenda kwa wasimamizi wa uwanja, na nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Aliyekosea akiwa polisi, kuna IPOA. Ofisi ya umma ikikutendea kwa dharau au ikikukalia kimya, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile wanayoiita Ombudsman. Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoigusa haki yako. Je, watajibu haraka? Mimi si mtoto. Lakini barua kumi zenye tarehe zinaweza kuingia kortini, na komenti elfu kumi za "Allahu musta'an" haziwezi.

Simu nayo, kwa ufupi, maana mmeuliza sana. Mkagua mizigo wa uwanja wa hapa kazi yake ni vyuma, majimaji na vilipuzi. WhatsApp yako si kilipuzi. Akikuambia uwashe simu aone kama ni simu kweli, washa. Akitaka kusoma, uliza kwa adabu ni kwa sheria gani na umwite msimamizi wake. Ukishafika nchi ya watu ni sheria za watu, huko usitumie post hii kubishana.

Turudi kwa dada. Tulimuuliza kwa nini hakusema chochote. Alisema aliogopa kuwachelewesha wenzake, na kwamba kaka mmoja alikuwa tayari anagombana na maafisa na hakutaka kuongeza. Nimeirudia sehemu hiyo ya ujumbe mara nyingi. Kelele zetu za asali ndizo zilizomfunga mdomo.

Amekubali kulalamika rasmi. Bado anayakumbuka mengi: saa, mstari wa foleni, sura ya afisa, na namba mbili za mwisho za beji. Anachokosa ni mashahidi. Alikuwa pia anaogopa kwamba Kiingereza chake si cha barua, tukamwambia Ibara ya 7 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hii, kwa hiyo ataandika kwa Kiswahili na watasoma kwa Kiswahili.

Ndugu yetu wa klipu, ulikuwa watu wawili nyuma yake. Uliona. Na klipu yako, tumeitazama tena polepole: kwenye sekunde ya arubaini na kitu, nyuma ya mkono wa mamako, anaonekana. Usiiposti popote, yuko kichwa wazi. Ifute kwenye status yako leo, uhifadhi ya asili, na ujibu inboksi. Tunataka maelezo yako yaliyosainiwa kabla ya Ijumaa.